Nasomea mvinyo, na baba alikufa kwa pombe

BARUA

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni binti wa miaka 27, mzaliwa wa Moshi vijijini, na ni mhudumu kwenye mgahawa wa loji moja karibu na Arusha. Nimepata bahati ambayo wenzangu wangeipokea kwa vigelegele, lakini mimi imeninyima usingizi.

Meneja wetu anataka tuwe na mtu wetu wa mvinyo, yaani somelia: yule anayemshauri mgeni chupa gani iende na chakula gani, anayejua kilichomo stoo na cha kuagiza msimu ujao. Kazi hiyo sasa hivi anaifanya kaka mmoja kutoka Zimbabwe, na mkataba wake unakaribia kwisha. Yeye ndiye aliyenipendekeza. Loji itanilipia kozi za WSET, ile taasisi ya London inayofundisha mambo ya mvinyo, nikasome Cape Town. Nianze na ngazi ya pili, na nikifaulu niende ya tatu. Nikirudi nitafungwa na mkataba wa miaka mitatu, na mshahara unapanda.

Mambo yalianza kwa mgeni mmoja, mama wa makamo, aliyeagiza Pouilly-Fumé. Kwenye orodha yetu ilikuwepo Pouilly-Fuissé. Kabla sijaipeleka mezani nikamwuliza kaka kama ni kitu kimoja. Akacheka, akageuza karatasi ya oda na kunichorea ramani ya Ufaransa kwa kalamu ya wino. Hii ya kwanza, akasema, inatoka bonde la mto Loire, na zabibu yake ni Sauvignon Blanc. Ya pili inatoka kusini mwa Burgundy, na zabibu yake ni Chardonnay. Majina ni kama ya mapacha, lakini zabibu ni mbili tofauti na ladha haziingiliani. Mgeni alipoelezwa alifurahi, akachagua kitu kingine, na mimi nikaikunja ile karatasi na kuiweka mfukoni.

Tangu hapo, Shangazi, nina daftari. Shuleni jografia ndilo somo nililolipenda kuliko yote, na sikujua kama kuna kazi ya kulitumia. Sasa najua kwamba mashamba mengi makubwa ya mizabibu duniani yapo kati ya nyuzi 30 na 50 za latitudo, kaskazini na kusini. Najua Mosel, kule Ujerumani, iko juu kabisa kwenye mpaka huo wa baridi, ndiyo maana wakulima wanapanda Riesling kwenye miteremko mikali ya mawe yanayotunza joto la jua. Najua Mendoza, Argentina, ni nchi kame inayokunywa maji ya theluji ya milima ya Andes. Cape ingekuwa na joto zaidi kama si mkondo baridi wa Benguela unaopita baharini. Bordeaux, kule Ufaransa, upande wa kushoto wa mto kuna changarawe inayoifaa Cabernet Sauvignon, upande wa kulia kuna udongo wa mfinyanzi na Merlot nyingi. Nikisoma hivi huwa nasahau kula.

Tatizo ni baba. Alikuwa fundi seremala mzuri sana. Alianza na mbege kama wazee wote wa kwetu, akaenda kwenye bia, akamalizikia kwenye gongo. Niliwahi kumfuata kilabuni nikiwa na sare za shule. Alifariki nikiwa kidato cha tatu, ini limekwisha. Mama aliokoka, na tangu siku hiyo pombe ya aina yoyote haivuki mlango wa nyumba yetu. Kaka yangu mkubwa naye ameanza kunywa, na mama anasema ni damu.

Mama anajua nafanya kazi hotelini. Hajui kwamba nafungua chupa. Nimemwambia nitakwenda kusoma "kozi ya hoteli". Kila nikipiga simu ananisomea Mithali sura ya 23, kuhusu mvinyo mwekundu unaong'aa kwenye bilauri, na mwisho wake kuuma kama nyoka. Sijui kama amesikia jambo au ni Roho anamwonyesha.

Lakini kinachonitisha zaidi sijamwambia mtu. Kaka wa Zimbabwe hunionjesha baada ya kazi, kidogo tu, na amenifundisha kutema. Siku moja tulionja Chenin Blanc ya Afrika Kusini. Niliitema yote. Usiku, kwenye gari la kurudisha wafanyakazi, nikajikuta bado naitafuta ile ladha mdomoni, ilikuwa kama asali na kama limau. Nikaogopa sana. Je, huko ndiko kujifunza, au ndivyo baba alivyoanza?

Mchumba wangu anasema niamue mwenyewe.

Meneja anataka jibu mwisho wa mwezi. Naomba unisaidie.

Binti wa Mlimani, Arusha

JIBU

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba ambao naona bado hujaumaliza, na hongera kwa daftari lako.

Nikuambie mapema, mimi ni mtu wa chai, kwa hiyo sina chupa ya kutetea. Na sina hukumu ya kukupa. Nimeisoma barua yako zaidi ya mara moja, na nakuona umebeba mizigo mitatu umeifunga furushi moja: kifo cha baba, siri uliyomficha mama, na kazi. Meneja anakudai jibu la huo wa tatu tu. Hiyo miwili ungekuwa nayo hata kama angekupeleka kusomea mapishi.

Kuna jambo nimeliona kwenye barua yako ambalo huenda wewe hukuliona. Ulipofika kwenye mvinyo uliandika mito, mawe, theluji na mikondo ya bahari. Ladha uliyoionja mwenyewe umeitaja mara moja, na uliitaja kwa hofu. Najiuliza umependa kitu gani hasa. Kama ni dunia na namna jua, udongo na baridi vinavyobadilisha zabibu ileile, basi umependa elimu, na hiyo ina milango mingi. Lakini nisikudanganye kwa kukupa nusu hiyo tu. Kadiri mtu anavyopanda kwenye elimu hii, ndivyo ramani inavyomrudisha kwenye glasi. Mtihani wa ngazi ya pili ni maswali 50 ya kuchagua jibu, kwa saa moja. Mnaonja darasani, lakini mtihani wenyewe ni kalamu na karatasi. Ngazi ya tatu inakuja na maswali ya kujieleza kwa maandishi, kwa mfano kwa nini shamba hili linatoa mvinyo wenye asidi kali kuliko la jirani, na juu yake unawekewa glasi mbili bila kuona chupa, uzieleze kwa rangi, harufu na ladha. Wale wanaoendelea mpaka mtihani wa Master Sommelier, cheo cha juu kabisa cha masomelia, huwekewa glasi sita na kupewa dakika 25. Kwa hiyo usiingie ukidhani utabaki kwenye atlasi.

Sasa nije kwenye ile safari ya usiku kwenye gari la wafanyakazi.

Umeniuliza kama ndivyo baba alivyoanza. Baba hayupo tumwulize. Lakini jiulize: ulikuwa unatafuta ladha, au ulikuwa unatafuta kile ambacho pombe inamfanyia mtu kichwani? Mtu anayejifunza kuonja hufundishwa kufanya hivyohivyo ulivyofanya. Anatema, halafu anasubiri aone ladha inakaa muda gani mdomoni, kwa sababu urefu huo ni moja ya vipimo vya ubora. Asali na limau ulizozitaja ni maneno ambayo wataalamu huyatumia kila siku kwa Chenin Blanc. Inawezekana ulichokiogopa ni ulimi wako kufanya kazi vizuri.

Nimesema inawezekana. Sijasema ndivyo. Mtoto wa mlevi ana hatari kubwa zaidi ya kuwa mlevi kuliko mtoto wa mtu mwingine. Hilo watafiti wamelichunguza kwa miaka mingi, na wanakadiria kwamba karibu nusu ya hatari ya ulevi inatokana na urithi. Mama yako anaposema ni damu, hajakosea kabisa. Ila hiyo nusu nyingine inatokana na mazingira, marafiki, huzuni, na umri mtu alioanzia. Na watoto wengi wa walevi hawawi walevi. Tena kutema hakuzuii yote, maana kiasi kidogo hupita kwenye ngozi ya mdomo na kingine humezwa bila kujua. Siku ya kuonja glasi kumi na mbili mtu anaweza kusikia kichwa chepesi hata kama ametema kila tone. Kazi hii ina watu walioanguka, na wamo waliofika juu kabisa kabla ya kuanguka. Wapo pia wanaoifanya kwa kutema tu na hawajawahi kumaliza glasi.

Ningekuwa karibu nawe ningekuuliza maswali ambayo ni wewe tu mwenye majibu. Siku ukigombana na mtu kazini, je, unaikumbuka ile ladha? Umewahi kuona kutema kunakuwa kugumu, ukatamani hii moja upitishe? Umewahi kuonja peke yako, bila kaka, bila daftari? Kama majibu ni hapana, yaandike na uyarudie kila baada ya muda. Kama hata moja ni ndiyo, usijilaani, lakini usipande ndege kabla hujaongea na daktari au mshauri nasaha wa hospitali, umweleze habari ya baba kama ulivyonieleza mimi. Mtu wa namna hiyo atakusikiliza vizuri kuliko safu ya ushauri.

Na hapohapo nikusukume kidogo. Unaongea kama vile kukataa kozi ni kukaa mbali na pombe. Mwanangu, wewe kila jioni unafungua chupa. Ukikataa, chupa zitakuwa zilezile na jioni zilezile, ila bila ile ramani. Kama hofu yako ni kukaa karibu na pombe, basi swali ni kubwa kuliko kozi, na litagusa hata kazi uliyonayo sasa. Kama hofu yako ni kuonja, basi hilo ni swali dogo zaidi, na lina njia za kulipima.

Njia mojawapo ni kumwomba meneja mtenganishe ngazi hizo mbili. Usome ya pili kwanza, urudi, ukae miezi kadhaa ukijiangalia, ndipo mzungumze ya tatu. Wengi husoma hivyo. Hatari yake ni kwamba meneja anaweza kuona unasitasita akampa nafasi mwingine, na kaka akiondoka hutakuwa na mwalimu wa kukuonyesha. Njia nyingine ni upande wa stoo na manunuzi: kujua mikataba, usafirishaji, joto la kutunzia, nini kiagizwe kwa bei gani. Mtu huyo anaihitaji sana elimu ya maeneo. Anatakiwa kujua kwamba Rioja nyekundu, mvinyo wa Hispania, iliyoandikwa Crianza imekaa angalau miaka miwili kabla ya kuuzwa, Reserva mitatu na Gran Reserva mitano, kwa hiyo asishangae bei zinavyopishana. Huonja mara chache kuliko somelia. Lakini usitarajie umaarufu huko, wala tipu za wageni, na itakubidi ukubali kwamba neno la mwisho kuhusu ladha litakuwa la mtu mwingine. Kukataa kabisa nako ni njia, na si woga. Ila ukikataa, ujue unakataa kwa sababu ipi, maana usipoijua utaanza kumlaumu mama yako kimyakimya, na lawama ya namna hiyo inachacha.

Ukienda Cape Town kuna jambo utakalolikuta ambalo ramani za kaka hazikuonyesha. Kilimo cha mizabibu kule kina zaidi ya miaka 360; Jan van Riebeeck, Mholanzi aliyeanzisha makazi ya Cape, aliandika kuhusu mvinyo wa kwanza wa Cape mwaka 1659. Mashamba yale yalijengwa kwa mikono ya watumwa. Baadaye, kwa vizazi, vibarua wa mashamba walilipwa sehemu ya ujira wao kwa mvinyo, kikombe baada ya kikombe kutwa nzima, utaratibu ulioitwa dop. Sheria ilikuja kuukataza lakini uliendelea chini kwa chini kwa miaka mingi, na mpaka leo jimbo la Western Cape ni miongoni mwa sehemu zenye viwango vya juu kabisa duniani vya watoto wanaozaliwa wameathiriwa na pombe waliyokunywa mama zao wakiwa wajawazito. Nakuambia haya kwa sababu kwenye mabonde mazuri kama ya Stellenbosch unaweza kukutana na mzee anayefanana na baba yako akitembea pembeni mwa barabara. Jiandae. Inaweza kukuvunja. Inaweza pia kukufanya uwe mtaalamu wa aina adimu, anayejua kwamba eneo la mvinyo ni pamoja na watu waliolilima. Sijui kwako itakuwa ipi.

Tumfikie mama. Umedhani anapokusomea Mithali anapigana na mvinyo. Huenda ndivyo. Lakini mwanamke aliyezika mume kwa ini na sasa anamwona mwanawe wa kiume akishika njia ileile, mimi namsikia akisema jambo moja tu: asinizikishe tena. Ukimjibu kwa Waraka kwa Timotheo, kwamba Paulo alimruhusu kijana wake mvinyo kidogo kwa ajili ya tumbo, mtapigana vita ya mistari na hakuna atakayeshinda. Ile siri nayo ni deni linaloongezeka. Leo ni "kozi ya hoteli", kesho ni cheti ukutani usichoweza kumwonyesha, keshokutwa ni jirani wa kijijini aliyekuja Arusha kwenye semina akakuona na chupa mkononi. Kama utamwambia, usimwambie kwa simu. Nenda nyumbani siku ya mapumziko, msaidie kazi za jikoni, umweleze kwanza unachokiogopa wewe kabla hujamweleza unachokitaka. Akikuuliza kama unakunywa, mwonyeshe jinsi ya kutema kwa maji kwenye beseni. Anaweza kukasirika. Anaweza kulia, au kuomba mchungaji aje. Anaweza pia kukukatalia kabisa, na hapo utakuwa na uamuzi mgumu zaidi ya ulionao sasa. Ndiyo hatari ya kusema kweli, na siwezi kukuondolea. Pia hujalazimika kumweleza leo. Wapo waliosubiri wakasimama kwanza kwa miguu yao. Ila pima kusubiri huko kutakugharimu nini kila simu inapolia.

Kaka yako, naye, sikumsahau. Unaogopa damu ikufikie wewe wakati imeshamfikia mtu aliye karibu nawe. Sijui kama mna mazungumzo ya kweli nyinyi wawili. Ni wewe tu, katika nyumba ile, uliyejifunza kuiangalia pombe bila kuikimbilia wala kuikimbia.

Mchumba wako umempa mstari mmoja. Anasema uamue mwenyewe. Yawezekana ni heshima, yawezekana amechoka kusikia habari za Burgundy, na yawezekana anaogopa kusema la moyoni halafu alaumiwe. Mwulize tena, ukiwa na muda wa kusikiliza. Miaka mitatu ya mkataba ni miaka ya ndoa yenu pia.

Na kuhusu mkataba huo, usisaini kabla hujauliza haya kwa maandishi. Ukifeli mtihani, unadaiwa nini? Ukiamua kuacha kuonja kwa sababu za kiafya, kuna kazi nyingine hapohapo, au unarudisha ada? Ukipata mimba je? Loji ikiuzwa? Miaka mitatu inahesabiwa kuanzia ngazi ya pili au ya tatu? Meneja mwenye nia njema hatachukia maswali hayo, na akichukia, hilo nalo ni jibu.

Mwisho wa mwezi unakaribia, lakini naona una siku chache za mapumziko. Kama unaweza, panda basi uende Dodoma kabla hujajibu. Pale ni nyuzi sita hivi tu kusini mwa ikweta, nje kabisa ya ile mipaka ya daftari lako. Mizabibu haipati baridi ya kulala, kwa hiyo mkulima anailaza kwa kupogoa na kwa kiangazi, na inavunwa mara mbili kwa mwaka. Mavuno ya pili huangukia Agosti na Septemba. Ulizia mashamba ya Hombolo, au ya Bihawana ambako wamisionari walipanda mizabibu ya mwanzo, na waombe wakuonyeshe zabibu inayoitwa Makutupora. Kaa na wakulima, uwaulize bei ya kilo, nani ananunua, nani anakunywa na nani hanywi. Chukua daftari lako. Glasi uamue mwenyewe kama utaigusa. Ukirudi, niandikie uliloandika zaidi huko, na kama mama ulimwambia unakwenda wapi.

Shangazi